Maiti ya Ambokile na Jina Kamili la Nchi

Leo ni siku ya Alhamisi, tarehe kumi na moja, mwezi wa Juni, mwaka wa elfu mbili na kumi na tano. Mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima, Mwalimu Gaudensia, alitufundisha kwamba jambo la kweli huanza kwa tarehe, na kwamba jambo lisilo na tarehe ni uvumi. Haya nitakayoyaeleza si uvumi. Yametokea katika nchi yetu nami nikiwepo, na pale ambapo sikuwepo niliyasikia redioni, ambako hawakosei.

Jina la nchi yetu sitalitaja. Msomaji asinifikirie vibaya: si woga, wala si dharau kwa serikali, ambayo imetufanyia mengi. Sababu itajulikana mahali pake.

Mambo yalianza pale Mheshimiwa Rais alipokwenda ng'ambo kuhudhuria mkutano wa mataifa. Alipofika mezani alikuta kibao chenye jina la nchi yetu kwa Kiingereza, na jina hilo halikuwa kamili. Ni lazima nieleze kwamba kwa Kiingereza jina letu ni refu. Mbele kuna kineno kidogo, ambacho wataalamu wanasema hakina maana kikiwa peke yake, lakini nchi isiyokuwa nacho ni kama mtu aliyetoka nyumbani bila viatu. Baada ya kineno hicho yanafuata maneno ya sifa. Katikati kuna jina la kilima, kile ambacho Mwasisi wa Taifa alizaliwa chini yake. Kisha zinakuja sifa nyingine, na mwisho kabisa neno la kuwajulisha wenye shaka kwamba sisi ni jamhuri. Waandaaji wa mkutano walikuwa wameandika kilima peke yake.

Inasemekana Mheshimiwa Rais alisimama nyuma ya kiti chake mkutano mzima, akikataa kukalia kipande cha nchi. Hotuba yake juu ya njaa katika mikoa ya kaskazini ilikuwa imeandaliwa, akairudisha mfukoni. Muda aliopewa aliutumia kuwatamkia wajumbe jina letu kwa ukamilifu, na kengele ikalia akiwa hajafika kwenye jamhuri.

Alipotua uwanja wa ndege aliwahutubia wananchi waliokuwa wameletwa kumpokea. Alisema kwamba njaa ipo kila mahali duniani, lakini nchi iliyokatwa jina ni moja tu. Wananchi wakapiga makofi. Wiki haikupita, ikaundwa Wizara ya Jina, nayo ikapewa jengo la Wizara ya Maji, kwa maelezo kwamba maji yana desturi ya kujiendea yenyewe.

Waziri wa Jina akawa Kanali mstaafu Dakta Nyendo. Jina lake la ubatizo nalo sitalitaja, na sababu yake nayo itajulikana. Siku ya kuapishwa alisema maneno ambayo baadaye yalipakwa rangi katika kuta za shule zote.

"Ndugu wananchi, mtoto asiyejua jina lake hupotea sokoni. Sisi tumepotea katika soko la mataifa. Kuanzia leo, kila mmoja wetu atakuwa ni kibao cha nchi yake kinachotembea."

Sheria ikapita. Mtu yeyote anayetaka huduma ya serikali atalitamka kwanza jina la nchi, kwa Kiingereza, kwa ukamilifu na kwa usahihi, mbele ya Msikilizaji wa Jina. Msikilizaji angekaa dirishani na mashine yenye taa mbili: ya kijani ikiwaka, unahudumiwa, nyekundu ikiwaka, unarudi nyuma ya foleni kujirekebisha. Na ili wananchi wasichanganyikiwe, jina la nchi kwa Kiswahili, lile fupi la zamani, lilipewa likizo isiyo na mwisho.

Manufaa yalionekana mara moja. Mtangazaji wa mpira alitakiwa kulitaja jina kamili kila timu ya taifa inapopata mpira. Alipokuwa akimaliza, mpira ulikuwa umekwisha kuwa wa wapinzani, na hivyo tulifungwa mabao mengi ambayo hatukusimuliwa. Balozi mmoja, ambaye Kiingereza ni lugha ya mama yake na ya bibi yake, aliwashiwa taa nyekundu alipokwenda kuhuisha kibali chake cha kuishi. Akapelekwa chuo cha matamshi. Alipohitimu alilitamka jina letu barabara, na inasemekana kwao hakuna aliyemwelewa tena. Fundi cherehani wa karibu na soko letu alipiga simu zimamoto nyumba yake inawaka. Gari lilikuwa limeshawashwa na dereva ameshapanda. Fundi alipolipata jina sawasawa, walimpongeza kwenye simu, na taarifa ya habari ya jioni ikaeleza kwamba nyumba hiyo iliteketea kwa kufuata utaratibu.

Katika darasa letu la kisomo Mwalimu Gaudensia aliamriwa aache hesabu na afundishe jina. Tukalisoma ubaoni neno kwa neno. Hapa ndipo mahali pa sababu niliyoiahidi.

Mimi na mwenzangu Atuganile tumeolewa na ndugu wa tumbo moja. Mimi na Lwitiko, yeye na Ambokile. Baba mkwe wetu alizaliwa upande uleule wa Mwasisi wa Taifa, akapewa jina la kilima kilekile, kama walivyopewa wanaume wengi wa rika lake. Kwetu mkazamwana hataji jina la baba mkwe wake. Hataji mzee akiwa hai, na akifa ndio kabisa. Hatukatazwi kwa fimbo. Ni kama vile usivyoweza kupita mbele ya mkweo nguo ikiwa haijakukaa vizuri. Mwili wenyewe unakataa. Kilima kile sisi tunakiita Kule Juu. Ukiwa sokoni ukasikia mwanamke akisema mvua imeanzia Kule Juu, unajua ameolewa nyumba gani.

Mwasisi hakutufikiria sisi alipokiweka kilima kile ndani ya jina la Kiingereza, nasi hatukumlaumu. Darasani tulilisema kineno cha mbele kwa sauti, tukazisema sifa, na tulipofika katikati tuliinamisha vichwa, tukanyamaza kwa kadiri ya neno moja, kisha tukaendelea mpaka kwenye jamhuri.

"Akina mama," Mwalimu Gaudensia akasema, "hapo katikati mnaacha shimo."

"Si shimo, mwalimu," Atuganile akamjibu. "Mzee amepita. Sisi tumempisha tu."

Darasa likacheka, na mwalimu, ambaye ameolewa nyumba nyingine, naye akacheka, akafuta ubao.

Tukaishi hivyo. Madirishani tuliwatuma waume zetu, kwa sababu mwanamume jina la baba yake halimfungi. Ambokile alikuwa hodari kuliko wote. Alikuwa fundi wa kupaua nyumba, mtu mwenye kifua kipana na sauti ya kuita kutoka juu ya paa, na alilitamka jina la nchi kwa ajili yake na kwa ajili ya mkewe bila kupumzika katikati. Msikilizaji wa wilaya yetu, Bwana Fidelis Shangali, alikuwa akisema kwamba taa ya kijani inamjua Ambokile hata kabla hajafungua mdomo.

Mwezi wa Aprili Ambokile alishikwa na kifua. Walipomfikisha hospitali ya wilaya, mkewe amemshika upande mmoja na mume wangu upande wa pili, walimsimamisha dirishani. Ukutani pameandikwa kwa rangi ya bluu: JINA LA NCHI, KWA PUMZI YAKO MWENYEWE. Maana yake ni kwamba mgonjwa hasemewi. Ambokile akaanza. Kineno cha mbele kilitoka, sifa ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka nusu. Taa nyekundu ikawaka. Bwana Shangali akamwambia kwa upole apumzike kwenye benchi, ajaribu tena akipata pumzi. Alipumzika. Hakupata.

Mume wangu alirudi nyumbani akatueleza, kisha akaenda kutafuta wachimbaji wa kaburi. Sikumwona akilia. Sikumbuki kama mimi nililia. Nilipika.

Utaratibu wa kuchukua maiti ni huohuo. Anayeichukua analitamka jina la nchi dirishani, na kwa marehemu mwenye ndoa lazima awe mkewe, si mwingine. Kanuni hiyo iliwekwa kulinda haki za wajane, kwa sababu zamani mashemeji walikuwa wakichukua maiti, kisha wanachukua na nyumba. Sote tuliisifu siku ilipotangazwa; mimi mwenyewe nilipiga vigelegele.

Atuganile alikwenda dirishani asubuhi iliyofuata, nami nikamsindikiza. Foleni ilikuwa ndefu. Alipofika mbele alijifunga kanga vizuri, akalisema jina: kineno cha mbele, sifa zake zote, kisha akainama, akanyamaza kwa kadiri ya neno moja, kisha akaenda mpaka kwenye jamhuri. Matamshi yake yalikuwa mazuri. Taa nyekundu ikawaka.

Bwana Shangali hakuwa mtu mbaya. Alivua vile visikilizio vya masikioni, akaegemea dirisha.

"Shemeji, umeruka neno."

"Sikuruka, bwana. Nimenyamaza."

"Mashine haisikii kunyamaza. Rudia, nitakusikiliza mimi mwenyewe."

Akarudia, akanyamaza palepale. Bwana Shangali akasema anaifahamu mila yetu na anaiheshimu, kwani hata mama yake alikuwa na majina asiyoyataja. Lakini huyu mzee, akauliza, si amekwisha kufa miaka mingi?

"Kwako amekufa," Atuganile akasema. "Mimi bado ni mke wa mwanawe."

Nyuma yetu palikuwa na mama mmoja mwenye chupa ya chai, naye ana maiti yake ndani. Alikuwa amechoka kusubiri. Akamuuliza Atuganile kama anadhani mkwewe atatokeza kichwa hapo dirishani. Watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani.

"Akitokeza, mama, nitajificha wapi?" Atuganile akasema, akarudi nyuma ya foleni.

Tulirudi nyuma mara nyingi siku hiyo. Jioni Bwana Shangali alitueleza sehemu ya kanuni ambayo hakupenda kuieleza. Maiti isiyochukuliwa mpaka Ijumaa huzikwa na halmashauri, nyuma ya machinjio, katika sehemu ya wasio na nchi. Hawawekewi jina, kwa kuwa jina la mtu bila jina la nchi halijakamilika.

Nyumbani kaburi lilikuwa limekwisha chimbwa. Kwetu kaburi lililochimbwa halilali tupu. Likilala tupu litamtafuta mtu wa kulijaza. Kwa hiyo wanaume walikata mgomba, wakaulaza ndani mahali pa Ambokile. Asubuhi waliutoa, wakakata mwingine. Waombolezaji waliotoka mbali walipofika, waliketi kwenye mikeka wakatazama kaburi, wakaona mgomba, wakalia kidogo, wakauliza chakula. Sisi tukawapikia. Migomba ya nyuma ya nyumba ikaanza kupungua.

Bahati njema, Jumatano ya wiki hiyo Waziri wa Jina alikuja wilayani kwetu kuzindua sanamu. Ilikuwa sanamu ya kile kineno kidogo cha mbele, imejengwa kwa saruji katikati ya uwanja wa sabasaba, kubwa kuliko kanisa. Mahali pale palipangwa pawe na kisima, lakini msingi ulikuwa umeshachimbwa na wahandisi walisema shimo ni shimo. Mheshimiwa Nyendo alihutubia kutwa nzima. Alisema mataifa makubwa yamekuwa makubwa kwa kutunza maneno madogo. Alisema adui wa nchi hii ni ufupisho.

Alipomaliza, mume wangu alipenya kati ya walinzi, akapiga goti, akamweleza habari ya ndugu yake. Mheshimiwa alimsikiliza amefumba macho, kama mtu anayesikiliza kwaya. Kisha akawageukia wasaidizi wake.

"Mnaona? Huyu mjane hana kosa lolote. Mwenye kosa ni huyo mzee, aliyetumia jina la nchi bila kibali."

Mume wangu alieleza kwa heshima kwamba mzee alizaliwa kabla nchi haijapata jina. Mheshimiwa akasema hilo linazidisha kosa, lakini yeye hakuja kuadhibu. Serikali ingemsamehe mzee na kumpa jina jingine, jina hilo lihesabiwe tangu kuzaliwa kwake, na wakazamwana wake watakuwa huru kulitamka jina la nchi kama raia wengine. Na kwa kuwa hapakuwa na muda wa kuita kamati, Mheshimiwa Waziri akajitolea jina lake mwenyewe, lile la ubatizo.

Msafara wa magari ukaja mpaka nyumbani kwetu, ukapita kando ya kaburi lenye mgomba, ukasimama kwenye kaburi la mzee. Tamko likasomwa. Fundi rangi akafuta jina kwenye msalaba wa zamani, akaandika jina jipya kwa herufi nyeupe. Bendi ya polisi ikapiga wimbo. Mama mkwe wetu, ambaye macho yake hayaoni tangu miaka ya nyuma, alikuwa amekaa barazani. Akaniita.

"Mama Subilaga, ni kelele gani hizo?"

Nikamwambia kwamba serikali inambadilisha mzee jina.

"Amelia?"

"Nani, mama?"

"Mzee. Mtoto akipewa jina hulia."

Nikamwambia sijamsikia akilia. Akasema basi jina halijamwingia, akaendelea kumenya maharage.

Ndivyo ilivyokuwa. Mheshimiwa alituaga kwa furaha, akimpungia Atuganile mkono dirishani mwa gari. Hakujua kwamba jina lililokwisha heshimiwa haliwezi kuondolewa heshima kwa rangi. Kinachowezekana ni kuongeza. Tangu alasiri hiyo wakazamwana wa nyumba yetu tulikuwa na majina mawili ya kutokutaja, na Waziri wa Jina tukamwita Yule wa Msafara. Wanaume wakaenda kukata mgomba mwingine.

 Asubuhi ya Ijumaa Atuganile aliamka, akaoga, akavaa kaniki ya kufiwa, akaniambia nisimsindikize. Nilimfuata kwa mbali. Niliyoyaona niliyaona kutoka kwenye mlango wa jengo la hospitali.

Alisimama dirishani. Hakujifunga tena kanga, hakuinama. Alilisema jina la nchi yetu kwa Kiingereza kuanzia kineno cha mbele mpaka kwenye jamhuri, na katikati hapakuwa na shimo. Alilisema vizuri kama Ambokile. Taa ya kijani ikawaka, na watu kwenye foleni wakapiga makofi, kama ilivyo kawaida mtu akifaulu. Yule mama wa chupa ya chai alikuwa ameshafaulu siku nyingi, hakuwepo. Bwana Shangali hakupiga makofi. Alimpa Atuganile kibali huku akitazama chini.

Maiti ililetwa kwa gari la hospitali, na Bwana Shangali akapanda mbele, kwa sababu kanuni inataka Msikilizaji ashuhudie mazishi kwa niaba ya nchi. Tulipofika nyumbani vilio vikapanda, jeneza likashushwa, wanaume wakautoa mgomba. Atuganile akaenda moja kwa moja kwenye mkeka mkuu, mahali pa mjane, lakini hakuketi. Alisimama pembeni yake, mbele ya mama mkwe.

"Umemleta?" mama mkwe akauliza.

"Nimemleta, mama."

"Walikupa hivihivi?"

"Hapana, mama. Nililisema."

"Lote?"

"Lote."

 Mikono ya mama mkwe ilikuwa ikitafuta kitu mkekani ambacho hakikuwepo. Sote tulilijua neno linalofuata, kwa kuwa si yeye aliyelitunga. Aliambiwa na mama mkwe wake, naye na wake. Mkazamwana aliyemtaja mkwewe haketi tena mkeka wa nyumba hiyo. Si kwa siku moja.

"Basi kaa nje, mwanangu," akasema.

Hakusema kwa ukali. Atuganile akaitikia, akaenda kukaa chini peke yake, kwenye udongo uliotoka kaburini, upande usio na kivuli. Mumewe akiwa kwenye jeneza upande huu, yeye upande ule. Mchungaji akafungua kitabu.

Siwezi kueleza nilichofikiri, kwa sababu sikufikiri. Nilikuwa nimebeba sufuria. Niliiweka chini, nikasimama katikati ya waombolezaji, nikalisema jina la nchi yetu kwa Kiingereza. Kineno cha mbele, sifa zake, na katikati nikamtaja baba mkwe wangu, aliyenipokea katika nyumba hii kwa mikono miwili na hakuwahi kunisikia nikimwita. Ulimi ulikuwa mzito kama si wangu. Nikamaliza kwenye jamhuri, nikaenda kukaa kwenye udongo, karibu na Atuganile. Hakunitazama. Alisogea kidogo kunipisha.

Mke wa ndugu mdogo wa waume zetu akasimama, naye akalisema. Wake wa mabinamu waliolelewa na mzee wakasimama mmoja mmoja, wakalisema, wengine kwa matamshi ambayo yangewanyima hata dawa ya minyoo, wakaja kukaa. Mchungaji alisubiri, kidole kikiwa katikati ya kitabu. Mkeka mkuu ukabaki na mama mkwe peke yake.

Aligeuza kichwa huku na huku, akisikiliza.

"Mmekwenda wapi?"

"Tuko nje, mama," nikamwambia.

 Mke naye kwetu hamtaji mumewe. Mama mkwe alimzalia mzee watoto saba, akamzika, na jina lake halijapita mdomoni mwake hata mara moja. Akauliza Kiingereza chake kinasemwaje.  Kisha akasema, kwa sauti ndogo, neno moja tu la katikati. Hakuweka kineno cha mbele, hakuweka sifa, hakuweka jamhuri. Alimwita tu, kama mtu anayemwita mwenzake aliye chumba cha pili.

Halafu akasema, "Haya, nishikeni mkono mnilete huko."

Tukamleta, na mkeka tukauleta. Tukamzika Ambokile tukiwa upande ule wa udongo sote, na hapakuwa na aliyekaa nje, kwa sababu ndani hapakuwa na mtu.

Bwana Shangali alisimama karibu na gari muda wote huo, kofia mkononi, mashine yake ikiwa begani. Jumatatu redio ilitangaza kwamba katika wilaya yetu wanawake wa kijijini, wakiwa katika majonzi makubwa, walisimama mmoja baada ya mwingine bila kushurutishwa na kulitamka jina la nchi kwa Kiingereza, kwa uzalendo ambao haujawahi kuonekana. Habari za bibi aliyelitaja jina likiwa pungufu hazikusomwa. Nadhani Bwana Shangali hakuziandika.

Mheshimiwa Waziri alitutumia ngao ya shaba yenye jina kamili la nchi, ikaja na mpiga picha. Imetundikwa nyumbani kwa mama mkwe, ambaye haioni. Sisi wakazamwana tunaifuta vumbi kwa zamu, tukiwa tumeigeuzia uso ukutani. Atuganile anaketi kwenye mkeka wa nyumba pamoja nasi. Hatulizungumzi jambo hilo. Mvua ikianza kunyesha, anasema imeanzia Kule Juu.

Ewe uliyesoma, usikae na karatasi hii. Mpe jirani, naye ampe mwenzake wa foleni, isomwe madirishani watu wakisubiri taa. Atakayeuliza ni nchi gani, mwambie mwandishi anaijua, na kwa Kiingereza. Nimelitamka jina hilo mara moja, kwa ajili ya Atuganile. Mara ya pili itakuwa kwa ajili ya wenye taa na madirisha, na hiyo sitaisema.